Mama Vitundu na Shimo Namba Nne

Saa kumi na mbili na robo asubuhi fundi wa maabara ya kiwanda anabana pumzi. Mbele yake kuna mizani iliyofungiwa ndani ya kisanduku cha kioo, nyeti kiasi kwamba pumzi ya mtu aliyeinama karibu huiyumbisha. Anadondosha punje nyeusi za mkaa ndani ya mrija wa kioo, moja, mbili, tatu, kisha anafunga kidirisha na kungoja namba zitulie.

"Sifuri nukta moja tano ya gramu," anasema huku akiandika daftarini. "Ni kidogo kuliko chumvi ambayo mtu angetia kwenye chai kwa kukosea kopo."

Mrija unakwenda kwenye jiko la kukaushia, kizimba cha chuma chenye mashimo manne. Kila shimo lina kipimajoto chake. Anavisoma vyote vinne kwa sauti, kama mwalimu anayeita mahudhurio, na hageuki mpaka cha mwisho kimeitika. Mwaka mmoja uliopita kilikuwepo kipimajoto kimoja tu, na hapo ndipo kisa chake kilipoanzia.

Ana miaka arobaini na sita. Kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, kiwanda kizima humwita Mama Vitundu, maana kazi yake ni kupima vitundu. Kiwanda hutengeneza vichujio vya maji vya majumbani na vya zahanati, na ndani ya kila kichujio umo mkaa wa vifuu vya nazi uliochomwa bila hewa, kisha ukapigwa mvuke mkali hadi ukatoboka matundu yasiyoonekana kwa macho. Dawa ya klorini, harufu na baadhi ya sumu hunasa humo. Mkaa usio na vitundu vya kutosha ni makaa ya jikoni tu.

Lakini kitundu kisichoonekana hupimwaje?

"Chukulia kuna nyumba yenye vyumba elfu, na wewe huruhusiwi kuingia," anaeleza, akivuta kiti. "Unataka kujua kuta zake zina ukubwa gani. Utafanyaje? Mwite fundi rangi apake kila ukuta mkono mmoja tu, halafu hesabu makopo aliyomaliza. Basi. Sisi rangi yetu ni gesi."

Gesi hiyo ni nitrojeni. Mkaa ukishakaushwa hadi usibakize hata chembe ya unyevu, mrija huchovywa ndani ya thamosi yenye nitrojeni ya kimiminika, baridi ya nyuzi mia na tisini na sita chini ya sifuri. Katika baridi hiyo gesi inayoingizwa mrijani huganda kwenye kuta za vitundu, tabaka jembamba mno, na mashine huhesabu iliyonasa. Gramu moja ya mkaa mzuri, kuta zake zikikunjuliwa, hufunika mita za mraba elfu moja. Gramu saba hutosha kutandika uwanja wa mpira.

Kiwanda hakipokei mkaa ulio chini ya mita mia tisa na hamsini kwa gramu. Namba ya Mama Vitundu ndiyo huamua gunia lipi linaingia ghalani na lipi linarudi lilikotoka.

Hakuletwa hapa na digrii. Aliajiriwa kuosha vyombo vya maabara, akaosha miaka sita. Fundi mzee wa wakati huo alikuwa na mazoea ya kunung'unika hesabu zake kwa sauti, naye akawa anazijibu kutoka kwenye sinki. "Siku moja nikamtajia jibu kabla hajamaliza kupiga kikokotoo. Akageuka, akanitazama, akasema, wewe, futa mikono uje." Mzee huyo alipostaafu, mashine ikabaki kwake. Mshahara, anasema, ukishalipa kodi ya nyumba na ada za watoto wawili, hubakiza theluthi, na theluthi hiyo nayo ina wenyewe.

Mumewe ni fundi cherehani, mtu wa utani. "Nimeoa mtaalamu wa vitundu," hupenda kuwaambia wateja, "lakini chandarua chetu kikitoboka, nashona mimi."

Miongoni mwa walioleta mkaa kiwandani ni kikundi cha wanawake kumi na wanane wenye tanuri lao la vifuu. Mkubwa wao ni mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya kuamuru, na wote humwita Kamanda. Kwa miaka mitatu mkaa wao haukupata kushuka chini ya elfu moja na arobaini. Kisha, ghafla, ukasoma mia saba na themanini. Wiki iliyofuata, mia saba na sitini. Ndani ya miezi miwili mizigo yao sita ilikataliwa.

Kamanda alikuja mwenyewe hadi kwenye dirisha la maabara, vumbi jeusi likiwa bado kwenye kilemba.

"Mdogo wangu, vifuu ni vilevile, tanuri ni lilelile, mikono ni ileile. Kilichobadilika ni nini? Hebu angalia kipimo chako."

"Dada, mashine haina shangazi wala mjomba," Mama Vitundu alimjibu. "Haimpendelei mtu."

Anakiri kwamba alilisema hilo kwa majivuno kidogo. Alikuwa na haki ya kujiamini, au alidhani anayo. Kila Jumatatu alipima unga maalumu ulioletwa na cheti, ambao ukubwa wa kuta zake unajulikana: mia mbili na kumi na nne kwa gramu. Kila Jumatatu mashine ilisema mia mbili na kumi na nne, ikizidi au kupungua kwa moja au mbili. Shahidi gani mwingine angehitajika?

Mkataba wa kikundi ukavunjwa. Tanuri likapoa.

Miezi saba ikapita. Jumatatu moja shimo namba moja la jiko la kukaushia lilikuwa na mrija uliong'ang'ania, haukutoka. Akauweka unga wa cheti kwenye shimo namba nne, pasipo kuwaza lolote. Mchana mashine ikatoa namba: mia moja na sabini na moja.

"Nilijiambia nimekosea mizani. Nikarudia kesho yake. Mia moja na sabini na tatu. Hapo nikaligeukia jiko."

Aliazima kipimajoto cha karakana, akakitumbukiza kwenye shimo namba nne. Kioo cha jiko kilionyesha nyuzi mia tatu. Kipimajoto kilisema themanini na tano. Kipimo pekee cha jiko kilikuwa kwenye shimo namba moja, na chenyewe kilisema kweli; waya wa joto wa shimo la nne ulikuwa umekufa nusu, na hapakuwa na kitu cha kuushtaki. Mkaa uliowekwa humo ulitoka na unyevu wake, vitundu vikiwa vimeshajaa maji kabla gesi haijafika. Unga wa cheti ulikuwa ukikaushwa shimo la kwanza siku zote.

Akavuta daftari. Lori la akina Kamanda lilikuwa likifika Alhamisi jioni, la mwisho. Mashimo matatu yalikuwa yamekwisha kujaa. Sampuli yao ilikwenda namba nne, wiki baada ya wiki, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Alimpelekea taarifa mkemia mkuu, bosi wake, mtu mpole asiyependa vurugu. Mkemia alifunga mlango kwanza.

"Tengeneza shimo, tuendelee," alimwambia. "Yaliyopita si ndwele, mama. Tugange yajayo."

"Si ndwele kwetu, mkuu. Kwa wenzetu ndiyo kwanza homa imepanda."

"Ukifungua kabati hilo, wa kwanza kuangukiwa ni wewe. Daftari lina sahihi ya nani?"

"Yangu."

"Basi nenda ukalale, ufikirie."

Jioni hiyo alisimulia yote nyumbani. Mumewe alizima redio, akamsikiliza mwanzo hadi mwisho bila mzaha hata mmoja, jambo ambalo peke yake lilimtisha. Halafu akasema, "Nguo nikiikata vibaya, siishoni nikaomba Mungu mteja anenepe. Nanunua kitambaa kingine. Inauma, lakini nanunua."

Asubuhi alirudi ofisini na barua aliyoiandika kwa mkono. Ilisema kosa ni lipi, lilianza lini kwa kadiri anavyojua, na kwamba sampuli thelathini na nane zilipita shimo namba nne ndani ya miezi tisa. Aliomba azipime zote upya. Kiwanda huhifadhi kichupa cha akiba cha kila mzigo kwa miaka miwili, kwa hiyo mkaa ulikuwepo. Kilichokosekana ni nitrojeni ya ziada, muda na ruhusa. Mkemia mkuu aliisoma barua mara mbili, akavua miwani, akaisaini.

"Sijui kama wewe ni jasiri au mkaidi," alisema.

"Vyote vinafanya kazi, mkuu."

Kipimo kimoja huchukua karibu saa tano, na mashine ni moja. Kazi za kawaida hazikusimama. Kwa wiki saba alifika kiwandani kabla ya wenzake, akatanguliza kichupa kimoja cha zamani, kisha akaingia kwenye mizigo ya siku. Kila sampuli aliikausha, akaipima uzito, akaikausha tena na kuipima tena, mpaka uzito ulipokataa kushuka. Ngozi ya vidole ilibabuka kwa baridi siku glavu moja ilipochanika. Vijana wa ghala walimtania kwamba anafukua makaburi. Aliwajibu kuwa waliozikwa humo bado wanapumua.

Majibu yalikuja moja moja. Mizigo thelathini na mmoja, yenye vitundu vingi kiasi cha kupita hata kwa shimo hilo, ilipita tena kwa namba kubwa zaidi. Mizigo saba ilikuwa imekataliwa. Sita kati yake ilikuwa mizuri, na mitano ya hiyo sita ilikuwa ya kina Kamanda, mmoja wa muuzaji mwingine.

Na wa saba? Ulikuwa wa kina Kamanda pia, na ulikuwa mbaya kweli: mia nane na tisini. "Nilitamani ungepita," anasema. "Nikaurudia mara tatu. Haukupita. Nikauandika hivyohivyo."

Kiwanda kilipendekeza kupeleka barua. Yeye alisema atakwenda kwa miguu yake.

Jumamosi aliwakuta kwenye uwanja wao, wanachekecha vifuu vilivyopondwa. Walikuwa wamebaki kumi na wawili. Sita walishaondoka kutafuta riziki kwingine. Kamanda hakuacha chekecheke. Mama Vitundu alieleza akiwa amesimama, kwa sababu hakuna aliyemkaribisha kukaa.

"Nilikwambia uangalie kipimo chako," Kamanda alisema hatimaye.

"Uliniambia."

"Ukanijibuje?"

"Nikasema mashine haina shangazi."

Mwanamke mmoja aliangua kicheko, akakimeza alipoona hakuna anayemuunga mkono.

"Miezi minane, mdogo wangu. Unajua miezi minane hapa ilikuwaje?"

"Sijui, dada. Nyie ndio mnajua. Mimi nimekuja kuwaambia kwamba mkaa wenu ulikuwa mzuri na mimi nilikosea. Mzigo mmoja tu ndio ulikuwa mbichi, wa wiki ya nne, na huo nao sitawaficha."

Kamanda aliweka chekecheke chini. Aliuliza wiki ya nne ilikuwa tarehe ngapi, akahesabu kwa vidole, kisha akawageukia wenzake. "Ile wiki ya kuni mbichi. Si niliwaambia?" Wakaanza kubishana wao kwa wao nani alileta kuni zile, na katikati ya ubishi mtu akasogeza kigoda, mgeni akakaa.

Hawakumsamehe siku hiyo. Kamanda alitoa sharti: mkataba ukirudi, wanataka kuona kwa macho yao mkaa wao ukipimwa. Kiwanda kiliurudisha mkataba na kuwalipa kwa mizigo mitano; mwenye mzigo wa sita naye akalipwa. Mama Vitundu alipewa barua ya onyo, na cheo cha fundi mwandamizi alichokisubiri miaka minne kikaahirishwa. Hakukata rufaa. "Sahihi ni yangu," anasema.

Sasa kila Alhamisi wanawake wawili wa kikundi huja, huvaa makoti meupe yanayowazidi mikono, na kusimama karibu na mizani wakiwa wamebana pumzi. Wanne kati ya sita walioondoka wamerudi kwenye tanuri. Kamanda huuliza maswali mengi kuliko mkaguzi yeyote, na mara mbili amemkuta mwenyeji wake amesahau kuandika saa.

Juu ya rafu ya maabara kuna boksi ambalo Mama Vitundu amelijaza kidogo kidogo: chupa ya iodini, karatasi za kuchujia, bomba la kioo lenye mistari, mizani ya mkono. Ni kwa ajili ya kipimo rahisi kinachoweza kufanyika kando ya tanuri. Mkaa mzuri hunywa iodini nyingi, mbaya huiacha. Hakitoi picha kamili ya vitundu, lakini kinatosha kumwonya mtu kabla hajapakia lori. Ameomba likizo ya wiki mbili mwezi ujao, na wiki zote mbili atazimalizia kwenye uwanja wa kina Kamanda, akiwafundisha.

Mumewe anasema hiyo ni likizo ya ajabu. Yeye ameshapanga ratiba, siku kwa siku, kwa kalamu nyekundu.

"Nataka wafike dirishani wakiwa na namba yao mkononi, kabla sijawapa yangu," anasema, akiteremsha mrija taratibu ndani ya moshi mweupe wa baridi. "Zikilingana, tunapokea mzigo. Zikipishana, hakuna kurudisha lori. Tunakaa chini wote, tunatafuta nani kakosea."