Kompyuta Iko Kiti cha Nyuma

Ukitaka barua ichapwe Rumonge, shuka barabara ya soko mpaka kwenye ukuta wa duka la dawa lililofungwa. Hapo utaiona Toyota nyeupe ya zamani, milango yake yote minne wazi, kama kuku anayetanua mbawa wakati wa joto. Ndani yake ndimo ilimo ofisi ya Djibril. Kompyuta ya kukunja iko kiti cha nyuma juu ya ubao. Printa iko kiti cha mbele, pale alipokuwa akikaa abiria. Juu ya paa imefungwa paneli ya jua kwa kamba za mpira. Paneli inalisha batiri ya gari, na batiri inalisha vyote viwili. Mteja anaketi nje kwenye kigoda na kueleza anachotaka. Djibril anaandika kwa vidole vinne, miguu yake ikining'inia nje ya mlango.

Zamani gari hilo lilikuwa teksi. Esansi ilipoanza kuadimika, madereva wa Rumonge walijifunza kuishi kwenye foleni za vituo vya mafuta. Djibril naye alikuwa huko, na binti yake Aisha, aliyekuwa akimaliza sekondari, alimletea chakula na kukaa naye garini akifanya kazi zake za shule kwenye kompyuta aliyonunuliwa okazyo, mkono wa pili. Mwalimu mmoja aliyekuwa kwenye foleni akaomba achapiwe barua. Kesho yake akaja mwingine, wa msikitini. Aisha alichapa, baba akatazama. Baadaye baba akachapa, Aisha akasahihisha. Foleni ilipozidi kuwa ndefu kuliko faida ya teksi, Djibril aliliegesha gari ukutani na kusema kwamba, kama gari haliwezi kuwafuata watu, basi watu watalifuata gari. Wakalifuata kweli. Mimi mwenyewe nina duka la vifaa vya shule upande wa pili wa barabara, na sijawahi kuona kigoda kile kikikaa bure asubuhi nzima.

Djibril ana maoni kuhusu kila kitu kinachouzwa. Kabla ya kununua huuliza swali moja tu: kikiharibika, nani atakitengeneza, na yuko umbali gani? Kwa swali hilo alikataa televisheni bapa, akakataa simu isiyofunguka mgongo, akakataa pikipiki ambayo vipuri vyake vinasubiriwa kutoka Dar es Salaam. Viatu vyake vina soli ya tairi. Mwavuli wake umeshonwa mara nyingi hata haijulikani tena rangi yake ya kwanza.

Mpinzani wake ni Éphraïm, jirani yetu, mtu wa Fizi aliyevuka ziwa miaka mingi iliyopita na sasa anauza ndagala, dagaa wa ziwani, wakavu, mpaka Bujumbura. Éphraïm anapenda vitu vipya na haoni aibu kusema hivyo. Ana gari la kisasa lenye taa nyingi mbele ya usukani. Anakunywa maji ya dukani, ya chupa, wakati ziwa liko pale pale, na chupa tupu anaziweka esansi ya akiba, kwa sababu, anasema, chupa ya maji haijawahi kuingiwa na kitu kingine. Djibril alikuwa akimtania kwamba ndiye mtu pekee wa Rumonge anayenunua maji ili apate pa kuweka mafuta.

Walibishana karibu kila jioni, Éphraïm akiwa ameketi kwenye kigoda cha wateja. Éphraïm alisema kwamba gari lake lina kompyuta inayomwambia kila ugonjwa. Djibril alijibu kwamba hicho ndicho anachokiogopa: kompyuta ikinyamaza, fundi naye ananyamaza.

"Hata yangu iko na kompyuta," aliongeza, akipiga kofi ubao wake. "Lakini yangu iko kiti cha nyuma. Mbele kwa injini iko spana tu."

Msemo huo ulizunguka mji. Watu waliopita walimsalimu kwa kumuuliza kompyuta iko wapi, naye alijibu iko kiti cha nyuma, kila mara kwa furaha ile ile.

Aisha alipochumbiwa na kijana wa Nyanza-Lac, mwana wa mzee Abdoulkarim, wa familia iliyorudi kutoka Kigoma na kufanikiwa katika biashara, mambo ya magari yakawa mazito. Huku kwetu bibi harusi anatazamwa kwanza mguu: mguu unaposhuka, unashuka kutoka gari gani. Video inaanzia hapo. Abdoulkarim alipiga simu kwa heshima zote na kusema kwamba anajua shida ya esansi, wasijisumbue, atatuma V8 ya vioo vyeusi imchukue binti nyumbani.

Djibril alishukuru, akauliza hali ya watu wa nyumbani, akashukuru tena, akakataa. Mariyamu, mkewe, aliyasikia yote akiwa mlangoni. Usiku wa pili alimwambia kwamba wakwe wataona dharau, na wageni watacheka. Djibril akamkumbusha kwamba Toyota ile ndiyo iliyomtoa Aisha hospitali alipozaliwa, amefungwa kitenge cha Mariyamu, na wakati huo nusu ya mtaa ilikuwa inatembea kwa miguu.

"Nilimleta kwangu na gari yangu," alisema. "Nitamupeleka kwake na gari yangu. Nikishindwa, sitasema tena neno juu ya gari ya mutu yeyote."

Mariyamu alitusimulia maneno hayo dukani kwangu, nusu analalamika, nusu anajivuna. Kuanzia hapo mji mzima ulijua. Éphraïm aliyapokea kama mtu aliyepewa zawadi. Kila alipopita aliinamia bonneti na kuisalimu Toyota kwa Kirundi, "Amahoro, mukwe," amani kwako, mkwe, kisha akaenda zake.

Ilibaki esansi. Kila ilipopatikana kidogo, Djibril alinunua na kuiweka akiba kwa ajili ya safari hiyo, na akiba inahitaji bido, dumu la plastiki. Sasa, Rumonge ni mji wa mawese. Mabido ya manjano yamejaa kila uwanja, kila kona ya nyumba, na karibu yote yamebeba mawese. Mariyamu alimshauri anunue jipya. Djibril alisema kununua bido Rumonge ni kama kununua mchanga ufukweni. Alichukua la nyumbani, akalisugua kwa maji ya moto na majivu, akatia changarawe na kulitikisa, akalisuuza, akaliacha kichwa chini juani mpaka likakauka. Akanusa. Halikunuka chochote. Nami nilinusa, akiniomba nishuhudie, na sikusikia harufu.

Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria ni mpini. Mpini wa bido uko wazi ndani, na mawese yakiingia mle yanaganda kama mshumaa. Maji hayayafikii vizuri, majivu hayayafikii kabisa. Lakini esansi inayafikia, inakaa nayo siku kwa siku, na kuyayeyusha polepole.

Siku ya kumpeleka Aisha ilikuwa Jumapili. Toyota ilioshwa mpaka rangi yake ya zamani ikajitokeza, ikafungwa riboni za pinki. Paneli ilishushwa, printa ikaletwa dukani kwangu. Djibril alivaa kanzu na kofia mpya aliyoinunua bila kuuliza nani ataitengeneza. Aisha alikaa nyuma na mama yake na shangazi mmoja. Mimi nilipanda gari la nyuma, la Éphraïm, pamoja na mkewe Naomie.

Mpaka nje ya mji mambo yalikwenda vizuri. Djibril alipiga honi kwa kila aliyesimama kando ya barabara, na watu wakajibu kwa vigelegele. Tulipofika kwenye michikichi ya Kigwena, Éphraïm alivuta pumzi na kuuliza kama kuna mtu anakaanga samaki msituni. Naomie akamwonyesha kwa kidole. Harufu ilitoka kwenye bomba la moshi la Toyota. Gari likakohoa, likaruka kidogo, likakohoa tena, likazimika, likajikokota mpaka kando ya barabara.

Djibril alifungua bonneti. Chujio la esansi kwenye gari lile ni kikopo kidogo cha plastiki kinachoonyesha ndani, na ndani kulikuwa na rangi ya machungwa yaliyoiva. Alikigonga kwa kidole. Hakuna aliyehitaji kumweleza, kwa sababu hakuna mtu wa Rumonge asiyeijua rangi hiyo.

Simu ya Mariyamu ililia. Ni wakwe, wanauliza tumefika wapi, na kama kuna tatizo ile V8 iko tayari, inaweza kuja kutupokea. Mariyamu aliishusha simu kutoka sikioni, akimtazama mumewe. Éphraïm naye alisimama pembeni. Nilitegemea atanie, lakini alisema tu kwamba gari lake lina nafasi, watoto wa kike wasikae juani.

Djibril alijifuta mikono kwenye majani. Alikwenda mlango wa nyuma na kuinama.

"Mwanangu," alisema, "panda kwa papa Éphraïm. Watu wanangoja. Mimi nitakuja nyuma."

Tulisikia sote. Ilikuwa ndiyo ahadi yake inavunjwa, na aliivunja mwenyewe, taratibu, bila kumlaumu mtu.

Aisha alishuka. Alikusanya gauni lake mkono mmoja, akavua viatu vyeupe na kuvisimamisha juu ya paa. Tulidhani anakwenda kwenye gari letu. Alikwenda mbele, akamshika baba yake mkono na kuanza kukunja mikono ya kanzu yake, mkunjo kwa mkunjo, kama anavyofunga kitabu jalada la karatasi.

"Baba, kompyuta iko wapi?" aliuliza.

Djibril aliitazama mikono ya kanzu yake ikikunjwa. Kisha akasema chini chini, "Iko kiti cha nyuma."

"Na mbele?"

"Mbele iko spana."

"Basi fungua. Mimi niko na kivuli cha michikichi."

Mariyamu aliiweka simu sikioni na kuwaambia wakwe, kwa Kiswahili cha adabu kabisa, kwamba hakuna tatizo, tunakuja na gari letu, tutachelewa kidogo.

Djibril alitoa chujio, akafungua kabureta juu ya kitenge cha shangazi, akapuliza kila tundu kwa mdomo mpaka midomo yake ikawa myekundu. Vidole vinne vinavyotafuta herufi kwenye kompyuta havikutafuta chochote pale. Lakini tangi lilikuwa bado limejaa esansi ile ile yenye mawese, na hapo ndipo kazi yake ilipogonga ukuta. Alihitaji esansi safi, na kutoka Kigwena hata Nyanza-Lac kituo chenye mafuta siku ile ilikuwa ndoto.

Éphraïm alikwenda nyuma ya gari lake. Alirudi na chupa za maji, zimejaa, esansi yake yote ya kurudia Rumonge. Alizipanga chini moja moja mbele ya Djibril, kwa uangalifu wa muuza duka.

"Hii ni maji ya dukani, Baba Aisha," alisema. "Kunywa."

Djibril alicheka mpaka akakaa chini. Lilikuwa ni cheko la mtu aliyeshindwa na rafiki, na halikuwa na uchungu. Kisha alikata mpira mwembamba, akauingiza chupani, akaupitisha chini ya bonneti mpaka kwenye kabureta, kama mafundi wanavyofanya wanapojaribu injini. Chupa ilihitaji kukaa juu, na ilihitaji mkono wa kuishika. Éphraïm alimpa Naomie funguo za gari la kisasa na kuketi mbele kwenye Toyota, mkono nje ya dirisha, ameiinua chupa kama serumu, dripu ya hospitali. Aisha alivaa viatu vyake. Injini ilikohoa, ikatema moshi wenye harufu ya mawese, ikawaka, ikatulia.

Hivyo ndivyo tulivyoingia Nyanza-Lac. Wanawake wa upande wa bwana harusi walikuwa wamepanga mistari miwili, kamera iko tayari, ile V8 imeegeshwa pembeni, inang'aa. Toyota ilikuja polepole ikinuka chakula cha mchana, riboni zake zimejaa vumbi, na mtu mzima wa Fizi mwenye suti ameinua chupa dirishani. Vigelegele vilichelewa kidogo, kisha vikalipuka. Mguu wa Aisha ulishuka kutoka gari la baba yake, na video inaonyesha hivyo.

Mzee Abdoulkarim alisogea, akaitazama chupa, akautazama mpira, akaitazama kanzu ya Djibril yenye madoa.

"Mukwe," aliuliza, "mumekuja na mugonjwa?"

"Mugonjwa ndiye ametuleta," Djibril alijibu.

Abdoulkarim alicheka, akamkumbatia pamoja na madoa yake. Baadaye niliona wazee wa pale wakizunguka Toyota, bonneti wazi, Djibril akieleza, na Éphraïm akieleza zaidi yake, hasa habari za chupa.

Djibril hajaacha maoni yake. Bado anauliza nani atakitengeneza. Ila sasa bido la esansi alilinunua jipya, dukani, na ameandika juu yake kwa rangi nyeusi: HAPANA MAWESE. Éphraïm alilipwa chupa zake, zimejaa, na juu yake katoni ya maji ya dukani ambayo Djibril aliibeba mwenyewe begani, mchana, kupitia katikati ya soko.

Toyota imerudi ukutani, milango wazi. Riboni moja ya pinki haijatolewa. Imefungwa kwenye kioo cha ndani. Mteja mgeni akiuliza riboni ni ya nini, Djibril anasimamisha kazi, barua ya mtu ikiwa nusu, anaweka miguu yake vizuri nje ya mlango, na kusimulia kuanzia hospitalini, Aisha alipozaliwa.