Namba ya Phadke Saheb

Siku ya tatu hiyo Mrunal anagombana na kompyuta, na zote tatu kompyuta ilimshinda. Pale ofisini Pune alipewa kazi ya kupanga mtambo wa kupozea maziwa: mabamba membamba ya chuma, maziwa yakipita upande huu, maji baridi upande ule. Maziwa yatoke na nyuzi nne. Kila akiendesha hesabu, kompyuta inamjibu kwa maandishi mekundu: haiwezekani. Na mkuu wake, Phadke Saheb, alishasema saa kumi ikifika bila jibu, kazi anapewa mwingine. Ilikuwa kazi yake ya kwanza yenye jina lake.

Basi akaongeza mabamba. Mara mbili, mara kumi, mpaka mtambo, kwa urefu, ukatoka Pune ukaingia Mumbai na kupita stesheni zote bila tiketi. Kompyuta wala haikutikisika. Alichezea kila namba isipokuwa moja: maji baridi, nyuzi saba. Hiyo Saheb aliiandika kwa mkono wake, na ofisini mle mwandiko wa Saheb hauguswi. Unazungukwa, kama ng'ombe aliyelala barabarani.

Mchana alikwenda kula nyumbani. Aaji, bibi yake, alikuwa ameketisha sufuria ya maziwa ndani ya beseni la maji ya mtungi. Mrunal akaigusa, akauliza yatapoa zaidi saa ngapi.

"Yapoe kuliko maji yanayoyapoza? Utangoja mpaka meno yangu yaote upya, mtoto wewe. Ukitaka zaidi, tia barafu kwenye beseni."

Mrunal aliacha mkate wake wa bhakri umemegwa nusu. Kilichomuuma si hesabu. Hiyo angeiweza akiwa darasa la nne. Kilichomuuma ni kwamba siku tatu macho yake yalikuwa yakiipita ile saba kwa heshima.

Saa tisa na nusu alisimama mbele ya meza ya Saheb.

"Saheb, maji ya nyuzi saba ni ya kupoza vyumba vya hoteli. Maziwa yanataka maji ya barafu, nyuzi moja."

Saheb alimimina chai kwenye kisahani, akaivuta taratibu. Akakumbuka hoteli aliyoipangia mwaka jana. Namba yake ilibaki kwenye karatasi.

"Nani mwingine ameiona hii?"

"Aaji yangu."

"Kasomea wapi?"

"Kwenye beseni, Saheb."

Saheb akamsukumia kalamu. Mrunal akakata saba kwa mkono wake, akaandika moja. Kompyuta ikakubali kabla kisahani hakijakauka, na mabamba yote yaliyokuwa njiani kwenda Mumbai akayafuta, yakabaki arobaini.