Kamera Kubwa Ilivyomfuta Baba Mdogo Katindiuka

Safari hii ilikuwa na sababu mbili, na niwe mkweli, iliyonitoa nyumbani kwa furaha ni ile isiyo na maana.

Ya maana ilikuwa hii. Kaka na mdogo wa marehemu baba yangu, wakulima wa Katindiuka, pembeni mwa Ifakara, walikuwa wamepatana. Walinuniana miaka mingi kwa ajili ya mpaka wa shamba, hata msibani walikaa chini ya maturubai tofauti. Sasa wamepanda minyaa mpakani kwa mikono yao wenyewe, wakataka picha moja ya pamoja, kila nyumba itundike nakala yake, ili asije mtu kesho akasema hakuona. Mpiga picha wa ukoo ni mimi.

Isiyo na maana ni kwamba nilikuwa silali kwa kuwaza kama ninunue kamera ya fulfremu. Kwa wasiojua, ndani ya kamera kuna kipande kinachopokea mwanga, sisi tunakiita sensa. Fulfremu ina sensa kubwa. Inaona hata penye giza, na ukiitaka inayeyusha vitu vyote vya nyuma, mtu anabaki peke yake kama malaika. Yangu ina sensa ndogo, mpira wake wa kushikia umebanduka nikaugandisha kwa gundi ya viatu, na huonyesha kila kitu, pamoja na usichokitaka. Kwenye kundi letu la wapiga picha, watu wamegombana kwa jambo hilo kuliko baba zangu kwa shamba. Muuzaji mmoja wa Morogoro, aliyechoshwa na maswali yangu, akaniazima ile kubwa. "Nenda nayo, dada," akasema, "labda ukirudi utakuwa umepona."

Morogoro, asubuhi na mapema, nikapanda basi. Kamera ndogo niliitupia kwenye begi la nguo. Kubwa niliipakata. Mama niliyekaa naye aliponiuliza kama nimebeba mayai, nikamjibu kwamba ni vifaa vya kazi, kwa sauti ya mtu ambaye tayari amekwisha kuinunua.

Tulipita Mikumi, tukaingia Kidatu kwenye miwa, na milima ya Udzungwa ikaanza kutusindikiza upande wa kulia. Sanje basi lilisimama, wauza ndizi wakalizingira. Mmoja alikuwa na uso mzuri na mkungu kichwani, nikaupiga huo uso kwa kubwa kupitia dirishani. Jamani, ile picha! Kope zake ungeweza kuzihesabu. Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera, akaitazama, akauliza ndizi zake ziko wapi, na watu watajuaje yeye anauza nini. Nilicheka. Nikajisemea kwamba sanaa si kila mtu anaielewa, nikanunua ndizi, tukaondoka.

Ifakara tuliingia mchana, joto lile la bonde linalokaa mgongoni. Bodaboda ikanifikisha Katindiuka. Nikatoa shikamoo pande zote mbili za minyaa, nikala wali na samaki kwa Baba Mkubwa, kisha tena kwa Baba Mdogo, maana kukataa kwa mmoja kungekuwa kesi. Jioni Mama Mkubwa, mke wa Baba Mkubwa, alinivuta jikoni. Alisema wamepatana kweli, ila mapatano yenyewe bado ni mabichi. Akaniomba nisiwaharibie.

Asubuhi yake mwanga ulikuwa mtamu. Wazee wakasimama mpakani wameshikana mikono, Baba Mkubwa amevaa koti, ametangulia nusu hatua kama kaka. Nikafungua tundu la lenzi mpaka mwisho, ili vya nyuma viyeyuke. Najua, wapiga picha wenzangu mnaosoma mnasema si ungeifunga kidogo tu, kila kitu kingeonekana. Ningeifunga. Lakini nilikuwa nimeazima mashine ya kuyeyusha, na nilikuja kuyeyusha.

Nikawapelekea kioo kwa majivuno. Baba Mkubwa akatabasamu. Baba Mdogo alikitazama muda mrefu.

"Kaka anaonekana mpaka vinyweleo vya pua," akasema. "Mimi nimekuwa moshi. Na mpaka uko wapi?"

Minyaa yote ilikuwa uji wa kijani. Alinirudishia kamera, akaelekea kwake bila kuaga. Mama Mkubwa alinitazama, na mimi nikatamani ardhi inimeze.

Nikamfuata. Nikaanza kumweleza habari za sensa na lenzi, na jinsi kamera inavyoshika sehemu moja tu, kwingine kukawa ukungu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuharibu.

"Kwa hiyo mashine ndiyo inayochagua nani aonekane?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. "Hapana, baba. Nilichagua mimi. Nilishika jicho lililokuwa mbele."

"Yeye yuko mbele tangu tuzaliwe," akasema.

Baba Mkubwa alikuwa ametufuata, amesimama upande wake wa minyaa, na alisikia yote. Nilidhani atakemea. Alisema tu, "Njoo, mdogo wangu. Mimi nitasogea."

Baba Mdogo akaja, lakini akanionya kwamba ile iliyomfuta nisimwelekezee tena. Nikaenda kufukua ile ndogo kwenye nguo. Niliporudi nikamkuta Baba Mkubwa ameinama, anavipanga viatu vyake vilingane na vya mdogo wake, kimoja baada ya kingine, huyu huku na yule kule, mche wa mnyaa katikati. Alirudi nyuma, akapima, akasogea tena. Machozi yalinilenga, nikasingizia jua.

Nikapiga. Kila kitu kikaingia: nyuso zote mbili, minyaa mche kwa mche, choo, kuku, na kamba ya nguo yenye vitu vya ndani vya Baba Mkubwa. Baba Mdogo alikuwa wa kwanza kuvitambua. Akasema picha ni nzuri.

Morogoro, muuzaji aliitazama akaniambia nyuma kumejaa takataka, anaweza kunisafishia kwa kompyuta. Nikamwambia asiguse hata kuku. Nikachapisha nakala mbili, nikazituma kwa basi, na kubwa nikamrudishia. Sikupona, bado naiota. Lakini nikiipata, kwanza nitamuuliza ninayempiga anataka aonekane na nini.

Baadaye Baba Mdogo akanipigia simu. Picha imefika, ameitundika juu ya redio. Akauliza kama nimenunua ile ya kuwafanya watu moshi. Nikasema bado.

"Ukiinunua," akasema, "mpige nayo kaka, nguo zake zikiwa nyuma."

Nyuma yake, humo humo nyumbani mwake, nikamsikia Baba Mkubwa akicheka.