Mashine Iliyofunikwa Kanga

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi kompyuta wa ofisi moja ya takwimu za malaria pale Viwanja Sitini, Ifakara. Tulikuwa na seva moja ya Linux, kompyuta kuu iliyotunza takwimu zote, na makarani wanne walioiingia kupitia kompyuta zao. Mmoja wao, dada wa Lipangalala, mkuu wa ofisi alitaka kumwachisha kazi: mkataba wake ulikuwa unaisha Ijumaa, na fomu alizoingiza zilikuwa nusu ya za wenzake. Akaniuliza mimi. Nikajibu, "Huyo ni mzito tu, mzee." Nilikuwa na mdomo siku hizo.

Yule dada alikuwa ameshaniambia mara mbili, kwa adabu: "Samahani kaka, nikiandika neno la siri inakaa sana." Nikamwambia subira huvuta heri.

Jumatano nikakaa kwenye kiti chake na saa mkononi. Dakika moja na nusu ndipo niingie! Nikaenda kwenye seva yenyewe, nikaingia papo hapo. Kumbe ilichelewesha wanaotokea kompyuta nyingine tu, kama mwenye nyumba anayesikia hodi na hafungui mpaka aulize ni nani. Na iliyokuwa ikiulizwa ni kompyuta kuukuu ya stoo, yenye orodha ya majina ya mashine zetu zote. Haikujibu, seva ikangoja mpaka ikachoka, ndipo ikafungua.

Wenzake walingoja vilevile, ila mara moja tu, asubuhi, huku wakinywa chai, kisha wakaacha wazi kutwa nzima. Yeye alikuwa akiinuka kila mara kupokea fomu dirishani, na kila akiinuka alifunga, kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha: ukitoka, funga. Ni yeye peke yake aliyenisikia.

Nikaenda stoo. Waya umechomolewa, mashine imefunikwa kanga. Lo! Wiki tatu nyuma radi zilipiga, na kwetu radi ikipiga tunachomoa kila kitu na kufunika kila kinachong'aa. Kanga ile ilikuwa ya nyumbani kwangu, niliileta ofisini ya kufutia vumbi. Nilifunika mwenyewe, nikasahau.

Nikachomeka waya, nikamwambia mkuu kuwa mtandao ulikuwa na hitilafu. Sikusema ya nani. Mkataba ukaongezwa.

Jumatatu yule dada akaniletea mchele mpya kutoka shamba la mama yake, Uchindile. "Asante sana kaka, umeniokoa."

Niliona aibu. Nikaupokea mchele, nikasema, "Usijali, ndiyo kazi yangu."