Mashine Iliyonyamaza kwa Ajili ya Msiba

Majuzi nilipita Malindi, kwenye kichochoro chetu cha zamani, nikanusa petroli iliyochanganywa na oili. Kijana mmoja alikuwa amekaa kizingitini anasugua plagi kwa brashi. Nilisimama kidogo, mwenzangu, kisha nikaenda zangu. Harufu ile bado inanishinda.

Miaka ya hamsini, nilipokuwa msichana mdogo, baba yangu alikuwa fundi wa zile mashine zinazofungwa nyuma ya boti. Zilikuja kuukuu, zimeliwa na chumvi, naye akizifungua uani juu ya gunia, karibu na jiko la Bibi. Bibi akikaanga samaki huku analalamika kuwa hata wali unanuka petroli. Mimi nilichota maji mferejini kwa debe, nikalijaza pipa. Baba aliifunga mashine ukingoni mwa pipa, panga lake la kusukumia boti likiwa ndani ya maji, akavuta kamba, na nyumba nzima ikatetemeka. Hakuizima mpaka maji yapate joto. Alisema mashine kuukuu ni kama mgonjwa wa homa: asubuhi anacheka, jioni hajijui. Hakuna iliyotoka kwetu bila kupita pipani.

Baba mdogo alikuwa akivusha watu baina ya Mkokotoni na Tumbatu. Mwaka mmoja, wakati wa kusi, aliileta mashine yake mjini kwa gari la shamba. Ikiwa baridi iliwaka kwa mvuto mmoja. Ikipata moto ilikufa.

"Ina wivu kuliko mke," alisema. "Nikinogewa na safari tu, inanuna."

Baba akasafisha kabureta, akabadilisha plagi, akaniambia nijaze pipa. Kabla halijajaa, tukasikia kilio. Mume wa jirani yetu alikuwa amefariki. Ukuta wetu na wao ulikuwa mmoja. Matanga yalikuwa ya siku tatu, na kwetu, penye msiba, hata kinu hakitwangwi. Baba aliporudi mazikoni alilifunika pipa kwa gunia.

Asubuhi yake Baba mdogo akasema anaondoka. Mkewe alikuwa kwao Tumbatu, mimba imeingia mwezi wake, naye alitaka kumleta mjini azalie hospitali.

"Ngoja matanga yaondoke," Baba alimwambia. "Sijaisikia ikipata moto."

"Mtoto hangoji matanga, kaka. Iwashe kidogo tu."

Bibi akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Mfiwa yuko nyuma ya ukuta huu, nyinyi mnataka kumngurumishia? Hamna haya?"

"Basi nnakwenda nayo hivi hivi." Baba mdogo alicheka. "Ikinitukana njiani, na mie ntaitukana."

Baba alimtazama Bibi, akautazama ukuta. Kisha akaibeba mashine mwenyewe mpaka garini.

Waliokuwapo Mkokotoni walisema iliwaka kwa mvuto mmoja. Katikati ya mkondo ikazimika. Maji yalikuwa yanatoka kwa nguvu kuelekea bahari kuu, na yeye, tangu apate mashine, alikwishaacha kuchukua mlingoti na tanga. Alikuwa na upondo tu, na pale upondo haufiki chini. Walimwona anavuta kamba, anavuta, huku anazidi kuwa mdogo. Hata ulipopatikana mtumbwi wa kumfuata, alikwishatokomea. Mashua iliokotwa siku ya pili, mashine imefungwa vile vile. Yeye hakuonekana. Mtoto alizaliwa huko huko Tumbatu, wa kiume.

Matanga yetu hayakuwa na jeneza. Jirani alikuwa yumo edani, hawezi kutoka, basi alituletea uji kwa mkono wa binti yake, na mwenyewe akazungumza na Bibi kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Bi Mkubwa, poleni. Siku zangu mlininyamazishia hata mashine yenu. Wema ule siusahau."

"Ndio ujirani, mwanangu," Bibi alisema, akakaa chini papo hapo, juu ya sakafu tupu.

Baba alitukataza kumwambia jirani ni mashine gani aliyonyamazishiwa. Kila Idi jirani alituletea sahani ya vitumbua kwa wema ule, nasi tukala. Alikufa mtu mzima sana, hajui.

Siku hizi mtu akifa, redio ya nyumba ya pili haizimwi. Wenzangu husikitika, husema heshima imekwisha. Ni kweli, ilikuwapo, nimeiona kwa macho yangu. Ila wakiniuliza kama natamani irudi, huwasimulia habari ya pipa lile lililofunikwa gunia.