Maumivu ya Kina Telesphor

Nasema wazi, sioni haya: nilimwonea wifi yangu wivu kwa sababu ya ugonjwa.

Mume wangu Telesphor, mchimbaji wa mgodi wa risasi hapa Mpanda, alikuwa na maumivu ya tumbo mahali pamoja tu, kulia kwa kitovu, padogo pa kufunikwa na ncha ya kidole. Dada yake Marsela alikuwa nayo palepale. Marehemu baba yao vilevile. Sasa yakimbana, unadhani aliniita mimi mkewe? Thubutu! “Kamwiteni Marsela.” Wifi anakuja kutoka kwake Kawajense, anamlaza ubavu, anamkunja magoti, anamshika tumbo mpaka linalegea. Halafu wanacheka pamoja kwa Kibende, na mimi Mnyamwezi nawapikia uji. Roho iliniuma!

“Damu nzito kuliko maji,” mama mkwe ananiambia. Ebo! Kwa hiyo mimi ndiye maji?

Mwaka hamsini na tano ndugu hao walikwenda kwa daktari. Nikafuatana nao, nikadai na mimi ninayo, palepale. Daktari akatulaza, akabonyeza, akasema, “Inua kichwa, tumbo likaze.” Telesphor akapiga kelele. Marsela akapiga kelele. Zamu yangu nikasema, “Aa, sasa afadhali.”

Daktari akacheka. Kumbe ni mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye nyama ya tumbo, na tumbo likikaza maumivu huzidi! Akauliza habari za baba yao, akasema huenda ni jambo la kurithi. Wao wakachomwa sindano ya ganzi. Mimi nikaambiwa nivae.

“Mgonjwa wetu, umepona?” Marsela alinitania njia nzima.

Sindano zilimtuliza Telesphor. Wifi hakuitwa tena, nikajiona nimeshinda.

Mpaka asubuhi moja, Telesphor yuko mgodini, binti yetu Kalista wa miaka saba akaacha kufagia, akaweka kidole kulia kwa kitovu. “Mama, hapa.” Nikamlaza chali, nikambonyeza, akalia. Nikamgeuza, akalia zaidi. “Siyo hivyo, mama!” Miaka yote ile nilikodolea macho vicheko vyao, mikono ya wifi sikuitazama hata siku moja.

Nikambeba mgongoni mbio hadi Kawajense. Marsela alikuwa anapepeta mahindi.

“Umekuja kuumwa tena, wifi?”

Nikamshusha mtoto mbele yake, nikapiga magoti.

“Wifi, nifundishe.”