Siku Hafidh Alipompeleka Mama Kumwona Panda

Hafidh alikuwa wakala wa mizigo mtaa wa Xiaobei, Mzanzibari aliyeizoea Guangzhou hata ndotoni alipigania bei kwa Kichina. Mama yake, Bimdogo, alimjia kutibiwa macho. Daktari akasema ni presha ya macho: nuru iliyokwishapotea hairudi, na dawa zitachelewesha tu kupotea kwa ile iliyobaki.

Bimdogo hakulia. Walipokuwa kwenye metro wakirudi alimwambia mwanawe, "Basi nipeleke nikamwone panda, kabla macho hayajafunga duka." Alikuwa amemwona kwenye televisheni, akampenda yule mnyama aliyepakwa wanja.

"Wiki hii hii, mama."

Wiki hiyo kontena likakwama bandarini. Iliyofuata, wateja kutoka Dar wakashuka uwanja wa ndege wa Baiyun, wakataka kuzungushwa kuchagua vigae. Bimdogo akawa anashinda chumbani peke yake, na kila jioni Hafidh alimwambia kesho, inshallah. Mpaka siku moja alimkuta anapapasa ukuta, anautafuta mlango wa choo. Ndipo alipofunga ofisi, akampeleka bustani ya wanyama. Safari ya mama kurudi nyumbani ilikuwa kesho yake.

Kwenye banda la panda hapakuwa na watu. Mwanamke aliyekuwa akifagia alitikisa kichwa. "Meiyou," alisema. Hakuna. Akamwonyesha kibao.

Hafidh alisoma. Dume na jike wa pale walikuwa wamepelekwa kwenye bustani moja ya Ulaya, kwa mkopo wa miaka kumi. China haiwatoi panda wake, huwaazima tu. Hata mtoto atakayezaliwa huko ni wa China, na siku moja atarudishwa. Walikuwa wameondoka mwezi uliopita, wakati Bimdogo bado aliweza kutofautisha uso wa mtu na kivuli.

Mama alikuwa amekwishaweka viganja juu ya kioo.

"Yupo?"

Hafidh alifungua mdomo aseme kweli. "Yupo," akasema.

"Anafanya nini?"

"Amekaa kitako, anakula mianzi. Anaimenya kama mtu anayemenya muwa."

Bimdogo akacheka. "Ananitazama?"

"Anakutazama wewe tu, mama."

Bimdogo akarekebisha mtandio wake, kama anayetazamwa na mgeni wa heshima, akainua mkono kulisalimu lile banda tupu. Yule mfagiaji aliacha kufagia. Hafidh hakuweza kumtazama.

Baada ya mama kuondoka, Hafidh alipigiwa simu na dada yake Swalha, anayeishi na mama Unguja. "Kila jioni majirani wanakuja kumsikiliza habari za panda wake. Umemfurahisha mama, kaka. Mungu akulipe."

Dua ile ilimchoma. Akawa hali vizuri. Akisujudu, anakiona kile kiganja kimeinuliwa. Mwishowe alisubiri saa ambayo Swalha huwa sokoni, akapiga.

"Mama, siku ile panda hakuwepo. Walikuwa wamekwishapelekwa Ulaya. Nilichelewa kukupeleka, nikaona haya, nikakudanganya."



"Swalha umemwambia?"

"Hapana."

"Usimwambie. Nimekwishawahadithia watu mtaa mzima." Kisha akaongeza, polepole, "Ungeniambia hayupo, Hafidh, tungekaa pale pale tukazungumza. Sikuwa na haraka. Mwenye haraka ulikuwa wewe."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe, mwanangu."

Na alikuwa amemsamehe kweli, hakulitaja tena. Majirani nao hawakumsikia tena akisimulia. Wakimwomba, husema kichwa kinamuuma.

Lakini kuna jambo lililobadilika. Zamani Hafidh akipiga simu humweleza mama yake kila anachokiona, naye hukipokea kama kilivyo. Sasa akimwambia amevaa kanzu aliyomshonea, Bimdogo huuliza, "Kweli?" Akimwambia amekula, "Kweli?" Hasemi kwa ukali. Huuliza tu, kama mtu anayejaribu ngazi kwa mguu kabla ya kukanyaga.

Juzi alimwambia Guangzhou mvua inanyesha tangu asubuhi.

"Kweli inanyesha?"

Hafidh alifungua dirisha, akaitoa simu nje, akaishika pale mpaka mkono wa kanzu ukalowa, mama yake asikie mwenyewe.